Jiwe Nyuma ya Tairi

Ndugu msomaji, kabla sijaanza naomba nikiri mambo mawili. La kwanza, mimi si fundi, ni saidia fundi. La pili, mimi si mwandishi, ni kijana aliyeanza riwaya tatu na hajamaliza hata moja. Kwa hiyo ukikuta humu nati imefungwa vibaya, au sentensi, usinihukumu upesi. Nataka kukusimulia habari ya hendibreki. Najua unacheka. Hata mimi ningeambiwa zamani kwamba nitakaa usiku kucha, kibatari mbele yangu, nikiandika juu ya hendibreki, ningecheka mpaka nigaragare. Nilikuwa nataka kuandika mapenzi na mauaji.

Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2018. Matokeo yalipotoka, divisheni ya nne ilinikodolea macho kama mwenye nyumba anayedai kodi. Mama hakunigombeza. Alikaa kimya siku mbili, siku ya tatu akasema, "Mjomba wako ana gereji Moshi. Kule hawaulizi cheti." Nikafunga begi langu. Ndani mlikuwa na suruali mbili, shati moja la maana, na kaunta buku mbili zilizojaa mwandiko wangu.

Gereji ya Mjomba iko Pasua. Ni uwanja wenye mwembe mmoja, mabati manne na shimo la kuingilia chini ya magari. Watu wote wanamwita Fundi. Mimi namwita Mjomba, na yeye mwanzoni aliniita "dogo" kama mafundi wengine wanavyowaita vijana wao. Siku moja aliinua kiti cha gari bovu akakuta kaunta buku yangu imefichwa pale. Akasoma ukurasa mmoja akiwa amesimama, mafuta machafu yakichuruzika kwenye kiwiko. Akaifunga, akairudisha mahali pake, akasema, "Mwandishi, niletee spana namba kumi na nne." Tangu siku hiyo jina likanikaa. Washkaji pale gerejini wakalidaka, na kila nilipokosea kitu ilikuwa, "Mwandishi huyo! Anawaza hadithi!"

Mwanzoni mwa mwaka 2023 akaja Mwalimu.

Alikuja akiendesha mwenyewe Toyota Noah ya kijivu. Mtoto wa kike wa miaka tisa hivi akaruka kutoka mlango wa pembeni akiwa amekumbatia jiwe. Naam, jiwe! Alikimbia nyuma ya gari akalichomeka chini ya tairi, akapiga bodi mara mbili kwa kiganja. Hapo ndipo Mwalimu alipozima injini.

"Shikamoo, Mwalimu," Mjomba alimsalimu.

"Marahaba, Fundi. Hujambo? Nimekuja unitoe utumwani."

Mwalimu alifundisha Kiswahili miaka 27. Baada ya kustaafu, alipanda mparachichi wa nyumbani kwake Kibosho kuchuma matunda, tawi likakatika naye akaja nalo chini. Miguu haikuinuka tena. Lakini mtu yule hakuwa wa kukaa barazani kuhesabu wapita njia. Alitafuta fundi mmoja akamfungia fimbo ya chuma chini ya usukani: ukiisukuma mbele inakanyaga breki, ukiivuta chini inakanyaga mafuta. Kwa kuwa gia ya Noah ile ni otomatiki, mikono miwili ilimtosha. Alishuka mjini, akapanda Kibosho, akaenda kanisani, akaenda benki kuchukua pensheni.

Kulikuwa na kasoro moja tu. Noah ile haina hendibreki ya kuvuta kwa mkono. Ina kikanyagio kidogo kushoto kabisa, unakikanyaga kwa mguu hadi kiseme krrr, na ukitaka kulegeza unakikanyaga tena. Wajapani walifanya hivyo ili katikati ya viti pabaki nafasi. Kwa mtu mwenye miguu ni raha mustarehe. Kwa Mwalimu, mguu wa kukanyagia alikuwa nao, lakini haukumsikia tena.

"Si unaweka P, Mwalimu?" niliropoka mimi, saidia fundi wa miaka minne.

Mjomba alinitazama kama mtu anayetazama ukungu kwenye mkate. Halafu akanieleza, na naomba nikueleze na wewe, maana madereva wengi wa hapa kwetu hawajui. Ukiweka P, ndani ya gia boksi kuna kijino cha chuma kinachoingia kati ya meno ya gurudumu fulani, nalo halizunguki tena. Kijino chenyewe ni kidogo. Kwenye tambarare hakina shida. Lakini ukiegesha mlimani bila breki, uzito wote wa gari, abiria na mikungu ya ndizi unaning'inia kwenye kijino hicho kimoja. Ndiyo maana ukitoa P mlimani unasikia "ko!" kama mfupa. Mwalimu aliisikia ko ile kila siku. Ndipo akaanza habari ya jiwe, na mjukuu akawa mbeba jiwe.

"Anashuka gari likiwa bado limewashwa," Mwalimu alisema kwa sauti ya chini, mtoto asisikie. "Anakwenda nyuma ya tairi. Kila mara. Siku moja, Fundi, breki itaniponyoka mkononi na kijino kitashindwa, na jiwe halitakuwa limefika."

Hakuna aliyesema neno. Mtoto alikuwa chini ya mwembe akiwafukuza kuku wa mama ntilie.

Mjomba wangu aliishia darasa la saba, lakini magari anayajua kama mchungaji anavyowajua kondoo wake. Alituketisha kwenye benchi akatoa somo. Hendibreki ya umeme si uchawi, alisema. BMW waliiweka kwenye Series 7 yao ya mwaka 2001. Passat iliyoanza kutoka mwaka 2005 ikaja na kitufe kwenye dashibodi, wala hakuna cha kuvuta. Kuna namna mbili kubwa. Namna ya kwanza, mota moja inakaa chini ya gari na kuvuta kebo zilezile za siku zote. Namna ya pili, kila breki ya nyuma ina kimota chake kimepandishwa mgongoni, kinasukuma pedi moja kwa moja. Hiyo ya pili inataka kompyuta. Hata kubadilisha pedi tu, lazima kwanza uchomeke mashine uiambie mota irudi nyuma, la sivyo utavunja kitu.

"Noah hii nyuma ina dramu," alisema. "Nikitaka kuweka vimota vya Passat itabidi nibadilishe nyuma yote. Tutavuta kebo."

Kifaa chenyewe kiliagizwa ng'ambo kwa wakala wa Kariakoo. Mwalimu alikuwa na ng'ombe wawili wa maziwa. Aliuza mmoja. Nakuomba ulishike hilo, msomaji, maana mbele litarudi kunichoma.

Kilipofika, tulikifungua juu ya benchi kama watu wanaofungua barua ya posa. Mota ya volti 12. Gia. Skrubu ndefu nene ndani ya bomba, na nati inayotembea juu yake. Kisanduku cheusi chenye nyaya, na kitufe chenye taa nyekundu. Ukibonyeza, mota inazungusha skrubu, nati inarudi nyuma na kuvuta kebo. Ukibonyeza tena, kinyume chake.

"Umeme ukikatika je?" niliuliza. Swali hilo lilimfurahisha Mjomba, nikaona.

"Shika hiyo nati uivute kwa nguvu zako zote."

Nikavuta mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Haikusogea.

"Skrubu inaweza kuisukuma nati, lakini nati haiwezi kuizungusha skrubu. Meno yake yamelala. Umeme ni wa kukaza na kulegeza tu, Mwandishi. Kushika ni kazi ya chuma."

Siku ya kwanza hatukugusa hata waya mmoja. Tulifungua dramu za nyuma, tukapuliza vumbi, tukasugua viatu vya breki, tukavirekebisha mpaka gurudumu likizungushwa kwa mkono lisikike likikwaruza kidogo sana. "Umeme hauponyi breki mbovu," Mjomba alisema. Kisha akapima kwa rula kebo inatembea kiasi gani kutoka ilipolegea hadi viatu vinapobana. Kipimo hicho ndicho kilichoamua mota ifungwe wapi.

Siku ya pili alikata bamba la milimita 6, akalikunja, akalichomelea kuwa kikalio cha mota chini ya sakafu. Alilala chali saa nzima akihakikisha kebo inavutwa kwa mstari ulionyooka, maana kebo inayovutwa kwa kona inajila yenyewe. Nati ya kurekebishia kebo akaiweka chini ya tundu dogo alilotoboa sakafuni na kuliziba kwa mpira. Betri ikifa breki ikiwa imekaza, mtu yeyote mwenye spana namba 12 ataweza kuilegeza akiwa ndani ya gari. Tukajaribu kwa nyaya za muda kutoka kwenye betri. Mota ikanguruma, sauti ikashuka, ikawa nzito, ikanyamaza. Tukang'oa betri kabisa. Vijana wanne tukasukuma. Noah ikatulia tuli kama imeota mizizi.

Siku ya tatu ilikuwa ya nyaya za kudumu, na hiyo ndiyo siku yangu ya aibu.

Mjomba alifunga mambo ya akili mwenyewe. Fyuzi karibu na betri. Rilei. Akapanga kukaza kuwezekane hata ufunguo ukiwa umetolewa, lakini kulegeza kusiwezekane mpaka ufunguo uwashwe na breki kuu iwe imesukumwa, ili mtoto akichezea kitufe asiachie gari. Juu ya kitufe akaweka kifuniko cha kuinua, maana hendibreki ya kuvuta unaweza kuivuta kidogo kidogo gari likienda, lakini hii ya kitufe haijui kidogo kidogo. Mimi aliniachia kazi moja, ambayo hata mtoto angeweza. Kufunga waya wa eathi.

"Kwangua mpaka chuma king'ae," aliniambia. "Ndipo ufunge."

Nikaingia shimoni. Chini ya Noah mlikuwa mmepakwa ile lami nyeusi ya kuzuia kutu, ngumu kama ukoko wa ugali. Msasa nilikuwa nimeuacha juu, kwenye benchi. Na wakati huohuo, ndugu yangu, sentensi ikanijia! Usiku uliotangulia nilikuwa nimekwama katika riwaya yangu ya tatu. Shujaa wangu, mpelelezi, alikuwa akifukuzwa na majambazi katika mitaa ya Chicago, nami sikujua nimtoeje. Pale shimoni nikaona njia. Nikaogopa itanipotea. Nikabandika waya juu ya lami, nikapitisha bolti, nikakaza kwa haraka, nikatoka kwenda kuandika sentensi yangu nyuma ya pakiti ya sigara.

Mjomba alibonyeza kitufe. Mota ikanguruma. Taa nyekundu ikawaka.

"Umekwangua?"

"Nimekwangua."

Neno moja tu. Nimeandika maelfu ya maneno ya uongo katika kaunta buku na hayajamdhuru mtu. Hili moja nilisema kwa mdomo, wala sikupepesa macho.

Jioni ile tulipanda kuijaribu mlimani. Mwalimu alikataa mtu mwingine asiendeshe. "Gari langu, mlima wangu," alisema. Tulikwenda njia ya Kibosho, tukaingia kinjia cha pembeni kati ya migomba, mahali penye mteremko mkali na hakuna magari. Mjukuu alikuwamo, na jiwe lake mapajani kwa mazoea.

Mjomba alimwambia leo apumzike. Akanipa mimi lile jiwe. "Liweke hatua moja nyuma ya tairi. Gari likiteleza, litasikika kabla halijafika mbali. Halafu toka hapo nyuma." Nikaliweka. Nikasogea kando, karibu na mfereji.

Mwalimu alifungua kifuniko akabonyeza. Mota ikalia. Taa ikawaka, nyekundu, nzuri, kama jicho la paka. Akatoa P, akaweka N. Kisha taratibu, kwa mkono wake wa miaka sitini na zaidi, akaachia breki kuu.

Gari lilisimama.

Nikahesabu moja. Mbili. Tatu. Nikaanza kutabasamu.

Halafu kitu kikalia chini, iiii, kama mlango wa stoo, na Noah ikaanza kurudi nyuma. Haikukimbia. Ilirudi polepole, kama mtu anayeondoka bila kuaga. Ikaligonga jiwe, jiwe likasukumwa likikwaruza changarawe, na Mwalimu akasukuma fimbo ya breki kwa nguvu zote. Ikasimama.

Kimya. Ndipo sote tukamwona mtoto. Hakuwa kwenye migomba tulikomwambia akae. Alikuwa amesimama nyuma ya gari, hatua tatu kutoka kwenye jiwe, mahali pake pa kila siku, kiganja kikiwa tayari kupiga bodi mara mbili.

Lahaula! Sijui nikueleze vipi. Miguu yangu ilikuwa mizima lakini haikunisikia, na kwa dakika ile nilimjua Mwalimu kuliko nilivyopata kumjua mtu yeyote.

Mjomba alimwendea mtoto, akamshika mkono, akamweka kando. Akarudi dirishani. "Mwalimu, kosa ni langu. Sikukagua kazi yangu."

Nami nilikuwepo pale. Mdomo ninao. Nikanyamaza.

Gerejini aliingia shimoni na testa yake. Akaniita, akanionyesha bila kunitazama. Mota ikifanya kazi, karibu volti 3 zilikuwa zinapotea pale kwenye eathi yangu. Waya ulikuwa umekalia lami, na umeme ulikuwa unapita kwa kuiba, kupitia meno ya bolti peke yake. Kebo ikiwa imelegea mota haihitaji nguvu nyingi, kwa hiyo ilizunguka na kunguruma vizuri. Ilipofika mwisho, penye kazi yenyewe ya kubana, ikaishiwa pumzi. Kisanduku kilikuwa kimewekewa muda. Muda ulipokwisha kikakata umeme na kuwasha taa. Taa haikujua kama breki imebana. Ilijua tu kwamba muda umekwisha.

Mjomba alifungua ile bolti, akaniwekea kiganjani. Ilikuwa na lami kwenye washa, nyeusi, imebandama. Hakunitukana. Ningeshukuru kama angenitukana. Alisema, "Kanawe, ukale," akaondoka.

Sikula. Kesho yake ilikuwa Jumapili. Nilipanda gari la Kibosho, nikashuka, nikaulizia kwa Mwalimu, nikaonyeshwa. Nilimkuta kwenye kiti chake cha magurudumu chini ya mparachichi. Naam, ni uleule. Hajaukata. Baadaye aliniambia kwamba mti haukumwita yeye apande.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Karibu kijana, vuta kigoda."

Sikuvuta kigoda. Nilisema yote nikiwa nimesimama, upesi upesi kama mtoto anayekariri shairi: lami, msasa, sentensi, "nimekwangua". Nilipofika kwa mtoto, sauti ikakatika.

Mwalimu alinyamaza muda mrefu. Kuku wakapita. Kisha akasema, "Nilijua jana ileile. Mjomba wako hawezi kukosea eathi. Na mimi nimekaa mbele ya madarasa miaka 27. Mtoto akiulizwa kazi ya nyumbani akasema 'nimefanya' wakati hajafanya, ana sura yake. Ulikuwa nayo pale mferejini."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Nitakusamehe breki ikishika. Hiyo sentensi iliyokutoa kazini ni ipi? Nataka kuisikia. Imenigharimu ng'ombe."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikatoa pakiti ya sigara mfukoni, nikasoma. Mpelelezi wangu alikuwa ameegesha gari lake juu ya kilima kirefu cha Chicago, akaliachia liteleze lenyewe kuwagonga majambazi.

Mwalimu aliuliza, "Umefika Chicago?"

"Hapana, Mwalimu."

"Nimesoma jiografia kidogo. Mji ule umekaa kwenye tambarare, kando ya ziwa. Kilima hicho umekitoa wapi?" Kabla sijajibu akaendelea, "Na hilo gari lina hendibreki ya namna gani? Ya kuvuta, ya kukanyaga, au ya kitufe? Aliachiaje?"

Msomaji, sikuwa na jibu. Mimi, niliyelala chini ya Noah siku tatu! Niliyeshika kwa mikono yangu kebo, nati, skrubu na dramu! Katika riwaya yangu magari yote yalikuwa yanasimama kwa "ghafla bin vuu" na kuondoka kwa "kasi ya ajabu". Hakuna hata moja lililokuwa na breki.

"Niletee hizo kaunta buku," Mwalimu alisema.

Wiki ile Mjomba alianza upya. Alikwangua mwenyewe, nami nikiwa nimemshikia taa, mpaka chuma kikang'aa kama shilingi mpya. Akafunga, akapaka grisi juu ili kutu isiingie. Halafu akaongeza kitu ambacho hakikuwamo kwenye kifaa. Alifunga swichi ndogo mahali kebo inapogawanyika kwenda magurudumu mawili. Taa haiwaki tena kwa sababu muda umekwisha. Inawaka kebo inapofika pale ilipopimwa siku ya kwanza. Isipofika, taa inabaki imezima, na dereva anajua. "Taa inayosema uongo ni mbaya kuliko kukosa taa," alisema. Alilisema akitazama swichi, lakini nilijua anayeambiwa.

Tulipanda tena kinjia kile. Safari hii Mwalimu alibaki kando kwenye kiti chake, mjukuu akimshika begani. Mjomba alinifungulia mlango wa dereva. "Ingia. Wewe ndiye utakayekaa humo."

Nilibonyeza. Nikasubiri sauti ishuke, iwe nzito, inyamaze. Taa ikawaka. Nikaweka N. Nikaachia breki. Jasho lilinitoka hadi kwenye nyayo. Nikahesabu mpaka mia. Tuliondoka, tukarudi, tukarudia. Mara tano. Mara ya tano Mjomba aling'oa betri, vijana wawili wakasukuma kuelekea bondeni. Noah haikutikisika. Nje nilisikia mtoto akicheka, kisha kiganja kikipiga bodi mara mbili. Alipiga ubavuni, mbali na tairi.

Siku hizi Mwalimu hushuka mjini peke yake. Mjukuu yuko shuleni, mahali anapopaswa kuwa. Siku ya mwisho alituachia lile jiwe gerejini, nasi tunazuilia nalo mlango wa stoo usipigwe na upepo. Kaunta buku zangu zilirudi baada ya mwezi. Kurasa za Chicago alizipitishia kalamu nyekundu kwa mstari mmoja mrefu, kutoka pembe hadi pembe. Lakini mahali fulani katika riwaya ya pili, nilipoeleza kwa mistari sita tu jinsi mama yangu alivyokaa kimya siku mbili baada ya matokeo, aliandika pembeni, "Hapa imebana."

Wenzangu mnaoota kuandika, sina cheo cha kuwashauri. Riwaya ya kwanza ingali haijakwisha. Ya nne nimeianza, na inaanza na mtoto wa kike anayeshuka kwenye gari akiwa amekumbatia jiwe. Najua gari lake ni la namna gani. Najua breki yake iko upande gani. Kila jioni naandika ukurasa mmoja, na kabla ya kulala naurudia nikitafuta mahali nilipobandika waya juu ya lami. Hapakosekani.

Mjomba bado ananiita Mwandishi. Ila nikifunga eathi sisubiri aniulize. Namwita aje aone kabla sijatia bolti.